Msuka Picha wa Hà Tiên

Kabla ya kusuka, Dinh Q. Lê alikata. Picha mbili kubwa, zimekwisha kusafishwa na kukauka, zilipita chini ya wembe: moja ikachanwa kwa wima, ya pili kwa mlalo, zote zikabaki rundo la chane nyembamba. Mpiga picha yeyote wa studio atakuambia kwamba picha iliyochanika imekwisha kazi, haiuziki wala haitundikiki. Lê alianzia pale ambapo wenzake huishia. Alizichukua chane zile akazipitisha moja juu, moja chini, hadi picha mbili zikawa kitu kimoja chenye sura mbili.

Ufundi huo hakuufundishwa chuoni. Alizaliwa mwaka 1968 Hà Tiên, mji mdogo wa bandari kusini-magharibi kabisa mwa Vietnam, mpakani na Kambodia. Ni nchi ya maji na matope, na kwenye mbuga zake huota nyasi ndefu iitwayo bàng, ambayo wanawake huikata, huianika, huiponda hadi ilale bapa, kisha huisuka mikeka na vikapu kwa mikono mitupu. Shangazi yake alikuwa msuka mikeka, na mtoto alijifunza kwake. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanafunzi wa upigaji picha katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliurudia usukaji ule, safari hii kwa karatasi badala ya nyasi. Kazi zake za mwanzo zilichanganya sura yake mwenyewe na michoro ya kidini ya Ulaya ya kale. Alikuwa kijana mkimbizi anayetafuta mahali pake ndani ya ustaarabu aliokuwa akifundishwa darasani.

Nataka kukaa kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana wanaoandika juu ya Lê huwa na haraka ya kufika kwenye vita, wakaupita mkono wake.

Sisi tuliokulia pwani tunajua mkeka unavyozaliwa. Ukindu huanikwa, ukachanwa, ukatiwa rangi katika sufuria ya maji yanayochemka. Na wakati wa kuusuka huachwa na unyevunyevu ili usikatike. Ni kitu kinachokubali kubembelezwa. Ukikaza mno upande mmoja wa ukili, unaulegeza, unausukuma kwa gumba, unakaa sawa. Karatasi ya picha haina tabia hiyo. Ina mgongo wa plastiki, ni kavu, inateleza, na uso wake unachubuka kwa ukucha. Ukiikunja, alama ya mkunjo haitoki tena, nayo itakuja kuonekana kwenye shavu la mtu. Msuka picha hana pa kurekebishia. Chane ikikatwa pana kidogo kuliko inavyotakiwa, kosa lile halimalizikii pale lilipo. Linamsukuma jirani, jirani anamsukuma mwenzake, na kufikia ukingo wa pili kazi nzima imekwenda upogo. Kazi za Lê zina upana wa mita na zaidi, na mistari yake imenyooka. Pembeni, pale ambapo fundi wa mikeka angezikunja ncha na kuzirudisha ndani ziwe pindo, yeye alizishika kwa utepe wa kitani, kwa kuwa karatasi haikubali kurudi.

Tena kuna hesabu yake. Ukisuka moja juu moja chini bila kubadili, kila picha inapoteza nusu yake, kwa kipimo kilekile kila mahali, na unachopata ni ukungu wa miraba midogo ambamo hakuna picha inayosema chochote. Hiyo ni kazi inayoweza kufanywa na mashine. Lê alikuwa akiamua. Alipotaka jicho la mtu lionekane, chane ya jicho ilipita juu ya mbili, tatu, nne za picha nyingine bila kuzama. Alipofika begani alianza kuizamisha, mara moja, kisha mara mbili, hadi bega likayeyuka na picha ya pili ikachukua nafasi. Kila mahali chane mbili zinapokutana pana swali: nani awe juu? Katika kazi moja maswali hayo ni maelfu, na yote yamejibiwa kwa vidole, mbele ya kitu ambacho msukaji mwenyewe hawezi kukiona vizuri akiwa amekiinamia. Ukikitazama kwa karibu unaona miraba tu: kipande cha ngozi, kipande cha jiwe, ngozi, jiwe. Inabidi urudi nyuma hatua kadhaa ndipo uso ujitokeze, nao hautulii. Unakuja na kupotea kadiri unavyosogea.

Sasa vita.

Mwaka 1978 wapiganaji wa Khmer Rouge, waliokuwa wakiitawala Kambodia, walikuwa wakivuka mpaka na kushambulia vijiji na miji ya Vietnam. Aprili mwaka huo, katika kijiji cha Ba Chúc, kwenye ukanda huohuo wa mpaka, waliua zaidi ya watu 3,000. Familia ya Lê iliondoka kwa mashua kwenda Thailand, ikakaa kwenye kambi za wakimbizi, kisha ikapata hifadhi Marekani. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi. Miongoni mwa vitu vilivyobaki nyuma zilikuwamo picha za familia.

Mtu aliyenusurika kwa namna hiyo angekuwa na haki kamili ya kutogeuka tena kuangalia upande ule wa mpaka. Lê alikwenda. Mwaka 1994 alianza mfululizo wa kazi ambao kwa Kiswahili tungeuita Kambodia: Fahari na Giza, na kwangu mimi ndio kilele cha usukaji wake.

Chane za seti moja zilitoka katika picha za mahekalu ya kale ya Angkor, huko Kambodia: nyuso za mawe za hekalu la Bayon, wachezaji na askari waliochongwa kutani tangu karne ya 12. Chane za seti ya pili zilitoka Tuol Sleng. Hii ilikuwa shule ya sekondari jijini Phnom Penh, ambayo Khmer Rouge waliigeuza gereza na kuipa jina la S-21. Kati ya 1975 na Januari 1979, jeshi la Vietnam lilipoingia jijini, watu zaidi ya 12,000 walipitishwa pale kwenda kuuawa, na waliokutwa hai walikuwa wachache mno. Watawala wa gereza walikuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Kila aliyeletwa alipigwa picha alipofika, kitambaa cha macho kikiwa kimetoka kufunguliwa, wengi wakiwa na namba kifuani. Wamo wazee, wamo wanawake waliopakata watoto, wamo wavulana wasioelewa wamekosa nini. Maelfu ya picha hizo zimebaki hadi leo.

Kwa nini mawe ya Angkor? Wako wanaoona ni kuilinganisha enzi ya utukufu na enzi ya aibu, basi. Mimi naona Lê aligusa kitu kichungu zaidi. Bendera ya Khmer Rouge ilikuwa nyekundu, na katikati yake palikuwa na mchoro wa njano wa minara mitatu ya Angkor. Wauaji walijiona warithi wa wale wajenzi. Kwa jina la fahari ile waliwatoa watu mijini kwenda kuchimba mifereji na kufa kwa njaa mashambani. Kwa hiyo jiwe na mfungwa walikuwa wamekwisha kuunganishwa kabla Lê hajafika na wembe wake. Alichofanya ni kuutoa muungano huo hadharani na kuupa umbo linaloonekana kwa macho. Uso wa kijana wa S-21 unatoka katikati ya ukuta wa hekalu, na ukuta unaendelea kupita ndani ya paji lake la uso. Huwezi kumng'oa bila kuubomoa ukuta.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya niustahi mkono ule hata zaidi. Mwaka 1997 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalitundika picha 22 za Tuol Sleng ukutani, safi, kila moja peke yake, kama zinavyotundikwa picha za wapiga picha mashuhuri. Wengi walilalamika, na walikuwa na hoja. Kila picha ilipigwa na mtumishi wa gereza. Kamera ilisimama mahali aliposimama mtesaji, na mfungwa anaitazama lenzi huku akiwatazama wanaokwenda kumuua. Mtazamaji wa leo akisimama mbele ya picha hiyo bila kizuizi, amesimama palepale. Hakukusudia, lakini miguu yake iko pale.

Wembe wa Lê unavunja mahali hapo pa kusimama. Akishaichana picha, fremu ya gereza imekwisha, na namba kifuani hukatika tarakimu. Kinachobaki ni uso unaokudai kazi: utafute, usogee, urudi nyuma, upinde shingo, na hata ukiupata haujitoi mzima. Mfungwa aliyelazimishwa kuonekana amerudishiwa uwezo wa kujificha. Sijui njia nyingine yoyote ya mikono ambayo ingefanya hivyo. Rangi ingefunika na kufuta kungeangamiza, lakini usukaji unaficha na kuhifadhi kwa tendo moja, kwa kuwa kila chane iliyozama bado ipo, nzima, nyuma ya mwenzake.

Wako wanaosema kazi hizi ni nzuri mno kwa jambo la kutisha kiasi kile, kwamba jicho linafurahia na moyo unasahau. Nimesimama na hoja hiyo muda mrefu na siikubali. Uzuri wake ni wa nyuso zenyewe, ambazo gereza lilizichukua kama hesabu ya ghala. Na ni wa kazi ya mkono iliyotumia siku nyingi kwa mtu ambaye gerezani alipewa dakika moja mbele ya kamera. Katika miaka yake ya mwisho Lê alizirudia tena nyuso hizohizo, akizisuka na michoro ya ukutani ya kasri la kifalme la Phnom Penh inayosimulia Reamker, Ramayana ya Wakhmer. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita, naye bado hakuwa amemaliza nazo.

Mfululizo wake uliomtangaza zaidi duniani, Kutoka Vietnam hadi Hollywood, wa miaka ya mwanzo ya 2000, unatumia usukaji uleule kwa tatizo tofauti. Aliondoka nyumbani mdogo. Alipokuja kutaka kuikumbuka nchi yake, alikuta kumbukumbu tatu zimeingiliana kichwani: picha za magazeti za wapiga picha wa vita, filamu za Marekani, na mabaki machache ya utoto wake mwenyewe. Filamu kama Apocalypse Now na Platoon zilipigwa Ufilipino, lakini zimewapa mamilioni ya watu Vietnam wanayoijua, na mkimbizi naye alikulia katika kumbi zilezile za sinema. Basi alizisuka zote: mwigizaji wa Hollywood anapita juu ya mwanamke anayelia wa picha ya gazeti, na chini yao hujitokeza sura ya familia isiyojulikana, imevaa vizuri, imekaa studio. Rangi za sinema zinawaka, za familia zimefifia. Ukiniuliza, zile ambazo Hollywood imetawala mno hazinigusi sana, zinafika haraka. Zinazodumu ni zile ambazo ile familia ya studio imepewa chane za juu mahali pamoja au pawili tu, ukiwa karibu kuondoka ndipo unaiona.

Familia zile alizitoa wapi? Hapo tunafika kwenye kazi ambayo haina usukaji wa chane hata kidogo, bali sindano na uzi.

Lê alirudi Vietnam kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990, na baadaye akahamia kabisa Ho Chi Minh City. Kwenye maduka ya vitu vya kale alikuta picha za watu zikiuzwa kwa uzani, marundo kwa marundo. Harusi, watoto wachanga, askari wa likizo, wasichana wamesimama kando ya pikipiki. Zilikuwa mali ya waliokimbia au ya waliozitupa wenyewe, maana baada ya 1975 kuwa na picha ya ndugu aliyevaa sare ya jeshi la Vietnam Kusini, lililoshindwa vita, lilikuwa jambo la hatari. Alizinunua akitumaini kwamba katika rundo mojawapo angekutana na sura ya nyumbani kwao. Alinunua na kununua. Wageni wale wakazidi kujaa kwake, na taratibu akaona kuwa wanaweza kusimama mahali pa ndugu asiowapata.

Mwaka 1998 alitoa Mot Coi Di Ve: takriban picha 1,500 zimeunganishwa kwa uzi pembe kwa pembe zikawa pazia kubwa linaloning'inia. Baadhi zinaonyesha uso, nyingine zimegeuzwa mgongo, na migongoni ameandika kwa mkono maneno ya barua, simulizi za waliokimbia, na sehemu za utenzi mashuhuri wa Kiều. Hebu fikiria kushona kitu kama hicho. Picha za zamani hazilingani ukubwa, nyingine zimejikunja kwa joto, karatasi imekuwa dhaifu na tundu la sindano likiwa karibu mno na ukingo linapasua. Inabidi utoboe kwa kiasi kwamba picha ibebe uzito wa zote zilizo chini yake. Aliye juu kabisa ndiye anayewabeba wengi, na hawafahamiani.

Si kila alichofanya kilikuwa cha picha. Mwaka 2006 alitoa filamu fupi juu ya wakulima na helikopta, akimfuata fundi wa kujifunza mwenyewe aliyejenga helikopta kwa mikono yake katika nchi ambayo helikopta ilikuwa imeleta mauti. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa wasanii waliofungua Sàn Art, nyumba ya sanaa ya kujitegemea Ho Chi Minh City, na wasanii vijana wengi wa huko wamepitia mikononi mwake. Alifariki Aprili 2024.

Lakini picha za dukani hakuziacha. Mwaka 2014 alizipeleka Houston, Marekani, jiji lenye jamii kubwa ya Wavietnam, akazishona zikawa majumba ya mraba yanayoning'inia kutoka darini, mfano wa vyandarua vya kitandani. Mtazamaji alizunguka kati yake akisoma migongo ya picha. Mtu yeyote aliyelala chini ya chandarua utotoni, pamoja na ndugu zake watatu, anaelewa bila kuambiwa kwa nini alichagua umbo hilo.

Na miaka mitatu kabla ya hapo, Sydney, alikuwa amefanya jambo la wazi zaidi. Desemba 2010 mashua ya watu waliokuwa wakitafuta hifadhi ilivunjikia kwenye miamba ya Kisiwa cha Christmas, mali ya Australia, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya wakazi wa kisiwa. Australia ilikuwa katikati ya mabishano makali juu ya watu wa mashua, na Lê alikuwa mmoja wa watu wa mashua. Katika kazi aliyoiita Erasure, alimwaga maelfu ya picha zile sakafuni, nyingi zimelala kifudifudi, kukiwa na mabaki ya mashua na filamu ya merikebu ya kizamani inayoungua ufukweni. Watazamaji waliruhusiwa kuinama na kuokota. Kila picha iliyookotwa ilipigwa skani, ikahifadhiwa, ikawekwa kwenye intaneti mahali ambapo yeyote angeweza kuifungua, akiwa California, Paris au Melbourne, akaitafuta harusi ya wazazi wake. Za kwao Lê hakuzipata. Alijenga jalada ili mwingine apate za kwake.